Malkia wa Uzi na Laini ya Shangazi

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwetu. Tarishi wa ofisi ya mawakili amesimama na bahasha ya kaki, nami nimesimama na vipande vya nyuzi vimenijaa kifuani. Mmeniandikia kwa wingi kuuliza bahasha ile ilikuwa na jina la nani. Tulieni, nakuja huko huko.

Kwa aliyelikuta gazeti leo mezani kwa jirani: mimi ni fundi wa darizi. Nina mashine ya kompyuta, ile unayoiwekea faili la ua au nembo, ikashona yenyewe. Mafaili hayo huuzwa. Mimi sikuwa nayanunua. Nilikuwa nayapakua bure mtandaoni, katika kundi la watu wasiojuana sura, kila mmoja na jina la kujipachika. Langu lilikuwa Malkia wa Uzi. Fundi wangu wa kompyuta, tunayemwita Chipu, aliniwekea programu ya kunificha, tukaiita kinyago. Akaniapia kwamba nikikivaa kinyago kile, hata aliyenizaa hatanitambua.

Msomaji mmoja kaniandikia: mficha maradhi kifo humuumbua. Ahsante, ndugu yangu. Ungeniandikia mwaka jana ningekuombea dua.

Mwingine anataka jina langu halisi. Hilo analo mhariri peke yake, na amenihakikishia kwamba halitatoka. Nimeshahakikishiwa hivyo na wengi.

Haya, bahasha. Nilinyoosha mkono, tarishi akairudisha kifuani.

"Wewe ndiye mwenye jina hili?"

Nikasoma. Lilikuwa jina la Shangazi.

"Ni shangazi yangu. Lete, nitampa."

"Nimeambiwa nimkabidhi mwenyewe, atie sahihi."

"Hayupo."

"Nani hayupo?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Majalada ya watu yamepita mkononi mwake mengi ya kutosha kuezekea nyumba, lakini lenye jina lake hakuna, na hilo hulisema kila akipata mgeni. Nyumba ni yake. Laini ya intaneti pia iliandikishwa kwa jina lake, kwa kuwa siku ile mimi nilikuwa nimesahau kitambulisho kwa mteja, na sikutaka kurudi kukifuata. Uvivu wa nusu saa, basi. Nilikuwa nimeshausahau kabisa.

Akatia sahihi, akavaa miwani. Shangazi hasomi barua kama sisi. Hutazama tarehe kwanza, kisha kumbukumbu namba, kisha muhuri, ndipo aingie ndani. Alipofika katikati akasimama, akarudi juu, akaanza upya.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimepakua maua?"

"Maua gani, Shangazi?" nikauliza, na Mungu ananiona.

Akanisomea kwa sauti ya mahakamani. Kwamba siku ya Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, kwa kutumia laini yake, mtu ajiitaye Malkia wa Uzi alipakua maua mia mbili ya darizi ambayo ni kazi ya mteja wao. Kwamba mtu huyo alifuta alama ya mwenye kazi, kisha akayasambaza kwa wengine. Kwamba mwenye laini ana siku kumi na nne za kueleza kwa kiapo ni nani aliyekuwa akiitumia saa hiyo. Asipoeleza, atashitakiwa yeye. Na kwamba kitu chochote kilichomo kwenye kompyuta za nyumba ile kisifutwe.

"Malkia wa Uzi," Shangazi akarudia, akivua miwani. "Mtu mzima na meno yake anajiita Malkia wa Uzi. Hana haya!"

"Watu wa mtandaoni hao, Shangazi."

Pale ndipo ningesema. Maneno mawili tu: ni mimi. Nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Tena, niwaambie ukweli, pamoja na hofu nilikuwa na hasira. Kupakua nimepakua. Kusambaza nimesambaza, na nililisimulia hilo katika sehemu ya nne: nilikuta ua moja lina kasoro ya mshono, nikalirekebisha, nikaona na mengine yana kasoro ile ile, nikayarekebisha yote, nikayarudisha kundini kama zawadi, nikashinda kutwa nzima nikisifiwa na watu nisiowajua. Lakini alama ya mtu sikugusa! Nilijiona nimesingiziwa. Ndivyo tulivyo. Mwizi wa kuku hukasirika akiambiwa kaiba na bata.

Kesho yake asubuhi nikamwendea Chipu. Kibanda chake ni meza moja, taa ya kubana, na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Nikamweleza. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye saa tisa na dakika kumi.

"Kinyago ulikivaa?"

"Huwa nakivaa siku zote."

"Jumanne ile?"

Nikatazama miguu yangu. Jumanne ile nilikuwa na nembo arobaini za wahitimu wa chuo cha uuguzi, zinatakiwa jioni, na mtandao unajikokota. Kinyago hupunguza kasi. Nikakivua.

"Kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Dakika arobaini."

"Dakika arobaini!" Chipu akaweka bisibisi chini. "Dada, dakika moja inatosha. Ukikivua, namba ya laini yako iko wazi, kila aliye kundini anaiona. Hawa watu wamo humo humo. Nao wamejipa majina, wanakaa kimya, wanaandika namba. Kisha wanakwenda na amri ya mahakama kwa kampuni ya mtandao, wanauliza laini hii ya nani. Wanatajiwa."

"Kwenye kundi letu? Wamo watu wao?"

"Kwani ulidhani majina ya bandia ni yenu peke yenu?"

Nikakumbuka wale walionisifu. Mmoja alikuwa ameniandikia, "Mkono wako si wa mchezo, umejifunza wapi?" Nami nikamjibu kwa kirefu.

"Lakini wewe ulisema hakuna atakayenijua."

"Na hawajakujua. Wamemjua shangazi yako."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na ndiyo maana nilitamani kumrushia kiti.

"Nifute kila kitu?"

"Futa."

"Barua inasema tusifute."

"Basi usifute."

"Chipu! Nifanye nini sasa?"

"Kaseme ukweli. Ila," akatazama kulia na kushoto, "wakikuuliza nani alikuwekea ile programu, mimi na wewe tulijuana kwa kukutengenezea chaja tu. Unanisikia?"

Mtu aliyekula kwangu mwaka mzima! Nikaondoka bila kuaga.

Njiani nikajisemesha kama mwendawazimu. Nikifika tu nasema. Sikai, sinywi maji, nasema. Na kweli nilifika nimeazimia hivyo. Lakini Shangazi hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameweka meza katikati ya sebule, karatasi za mistari mbele yake, kalamu mbili, na upande wa pili amemkalisha mpangaji wetu.

Mpangaji anakaa chumba cha uani. Ni mfamasia, amefaulu mtihani wa bodi juzi juzi, anangoja leseni. Ni mtu mpole hadi anaudhi. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atatoka nje kutazama ndipo akujibu, asije akakudanganya.

"Jumanne ile alasiri ulikuwepo?" Shangazi akamwuliza.

"Nilikuwepo, Mama."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa napakua mihadhara, Mama. Chuo huitoa bure kwenye tovuti yao."

"Unapakua." Shangazi akaandika. "Kwa laini yangu."

"Ndiyo, Mama. Ulinipa ruhusa nilipohamia."

"Saa ngapi?"

Akafikiri. Mtu mwingine angesema sikumbuki, na hapo angejiokoa. Yeye akafikiri, akahesabu vidole, akasema, "Kati ya saa nane na saa kumi hivi."

"Malkia wa Uzi ni wewe?"

"Ni nani, Mama?"

"Sawa. Nenda."

Alipotoka, Shangazi akapiga mstari chini ya maandishi yake kwa rula.

"Kesi imekwisha," akasema. "Amekiri mwenyewe."

"Shangazi, amekiri mihadhara, hakukiri maua."

"Mwizi gani anakiri vyote siku ya kwanza? Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Wote huanza na mihadhara."

"Shangazi, mwanamume atajiitaje Malkia?"

"Huko mtandaoni wana staha gani? Wanaume hujiita mabibi, mabibi hujiita majini."

"Shangazi, nina neno."

"Neno lako lingoje, nampigia wakili wangu."

Nikangoja. Akaongea na wakili. Alipokata simu nikafungua kinywa, akainua kidole, akapiga tena kuuliza jambo alilosahau. Nikangoja. Akamaliza, akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala. Nikabaki na neno langu mdomoni. Nimekaa na wanawake wengi katika maisha yangu, sijaona anayeziba njia ya ukweli kwa bidii kama huyu asiyejua kwamba anaiziba.

Lakini nisimlaumu. Ningetaka kusema ningesema, hata kwa kupiga kelele. Kwa ndani nilikuwa nafurahi kila simu ilipoita.

Nikaenda uani. Mpangaji alikuwa anafua koti lake jeupe, lile la kazini, na analisugua ukosi kwa brashi ya meno.

"Dada," akasema, "kwani kumetokea nini hasa? Mama amenihoji kama nimeua."

Nikamweleza habari ya barua. Nilimweleza vizuri tu, nikaruka mahali pamoja.

Akaacha kusugua. "Itakuwa vibaya kwangu hiyo."

"Kwa nini?"

"Fomu ya leseni ina swali. Je, una shauri lolote, au umetajwa katika shauri lolote? Ukijaza ndiyo, wanakuweka pembeni mpaka liishe. Yuko mwenzangu aliwekwa pembeni miaka minne, kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja cha babu yake. Sasa anauza vocha." Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Ile kazi ya hospitali wananingoja hadi mwisho wa mwezi tu. Mama yangu nimeshamwambia aache kibarua."

Nikamsogezea ndoo ya maji.

"Wewe siku ile ulikuwepo," akaendelea. "Ulikuwa chumbani kwako na mashine, nilikuwa naisikia. Si uliniona natoka kuchota maji, daftari mkononi? Unajua mimi na maua wapi na wapi."

"Najua."

"Utanisemea?"

Mtu huyu, mwezi uliopita, aliniona macho mekundu kwa kutazama sindano, akanikataza matone niliyokuwa nanunua kiholela, akanieleza namna ya kuyapumzisha. Akaja kesho yake kuuliza kama nafuata. Hakuna fundi mwenzangu aliyewahi kuniuliza habari za macho.

"Nitakusemea," nikamwambia.

Akaniombea heri, akaendelea kufua. Nikaenda chumbani, nikakaa mbele ya mashine bila kuiwasha. Niliona aibu. Sina namna ya kuipamba, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Siku mbili baadaye tukaitwa kwa wakili, sote watatu. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Chumba cha nje kina benchi na karani mmoja. Chumba cha ndani kimetengwa kwa kioo kitupu kuanzia kiunoni hadi darini, kwa hiyo aliye nje anamwona aliye ndani lakini hasikii kitu. Mpangaji akaambiwa akae kwenye benchi angoje. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na ameshika bahasha ya vyeti vyake, vyeti vyote, mpaka cha darasa la saba.

"Utanisemea eh?" akaninong'oneza.

"Kaa hapo," nikamwambia.

Wakili alikuwa mtu wa makamo, mnene, mchangamfu. Ujana wake alikuwa akipanga foleni dirishani kwa Shangazi kuomba majalada, na mpaka leo anamwamkia kwa kuinama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni raha za kustaafu kwako, Mama, hakuna tena wa kunikaripia." Akacheka peke yake, kisha akafungua jalada. "Sasa, wenzetu wameleta vielelezo. Na kwa bahati hapa tuna mtaalamu." Akanigeukia. "Binti, wewe si fundi wa darizi? Nisaidie. Wanasema kuna alama imefutwa. Mimi naona maua tu."

Akaweka karatasi mbili mbele yangu. Kila moja ina ua lile lile, limekuzwa mpaka kila mshono unaonekana. Ya kushoto ilikuwa ya mwenyewe. Ya kulia ilikuwa ya Malkia wa Uzi.

Ndugu wasomaji, kila fundi ana ugonjwa wake. Mwashi akiingia kwako hutazama ukuta kabla hajakutazama wewe. Wangu ni huu: nikiona mshono, naongea.

"Ya kushoto ina kosa," nikasema. "Hapa, chini ya jani la tatu. Mishono mitatu imelala kinyume na mingine. Ikioshwa mara mbili inafumuka. Ya kulia imesahihishwa."

Wakili akapiga meza kwa furaha. "Ndiyo hiyo! Ndiyo alama yenyewe! Mwenye kazi anasema kila ua lake hulilaza mishono mitatu kinyume makusudi, chini ya jani la tatu, ili lisipotee kati ya maua ya watu. Ni kama sahihi yake. Na huyu Malkia akaifuta katika maua yote mia mbili. Kosa hilo, Mama, ni zito kuliko kupakua. Kupakua mtu anaweza kusema sikujua. Kufuta sahihi ya mtu ni kuficha wizi."

Mia mbili. Nilikaa siku tatu na maua yale, nikilaani uzembe wa fundi asiyejua kulaza mshono, nikimsahihishia ua moja moja kwa moyo mkunjufu. Nilijiona mwalimu.

"Nimewaonyesha mafundi wawili hapo chini barabarani, hawakuona tofauti," wakili akaendelea. "Wewe umeona mara moja. Hongera."

"Ni mazoea," nikasema.

"Kwa hiyo aliyefanya hivi anajua sindano?"

"Siku hizi zipo programu," nikasema upesi. "Zinasahihisha zenyewe. Hata asiyejua kitu anaweza."

Akaandika hilo. Kisha akainuka kwenda kwa karani wake kuchukua muhuri na hati zilizokuwa zikichapwa.

Mlango ukafungwa. Shangazi alikuwa ameivuta karatasi ya kulia, miwani imemshuka puani, na kidole chake kimesimama chini ya jani la tatu.

"Amerudi nyuma hatua mbili," akasema taratibu, "kisha akafungia uzi chini, nyuma ya jani, usionekane."

Nikaisogeza karatasi ya kushoto pembeni.

"Mashine haifungi hivi. Mashine hufunga papo hapo, juu." Hakuinua macho. "Mama yangu alinifundisha mimi kufunga hivi. Mimi nimemfundisha mtu mmoja tu, akiwa na miaka tisa, na aliudhika akalia."

"Shangazi."

"Niambie si wewe."

"Ni mimi."

Nilifikiri atanipiga kofi. Ningelipokea, tena ningeshukuru. Hakunipiga. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akaivua tena.

"Tangu siku ya barua ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya barua."

"Na ukanichemshia chai."

"Nilitaka kusema, Shangazi. Kila nikitaka..."

"Nyamaza."

Nje ya kioo wakili alikuwa anataniana na karani wake. Mpangaji alikuwa anapanga vyeti vyake juu ya magoti.

"Akirudi namwambia," nikasema. "Namwambia yote. Naomba radhi, mashine wachukue, mimi wanifanye wanavyotaka. Yule kijana hana kosa. Tuifute hati, Shangazi, kabla hujaapa."

Hapo ndipo nilipotegemea anishike mkono, aseme ndiyo, mwanangu, ukweli ndio huo. Mwanamke aliyemfukuza dereva wa teksi kwa kumdanganya njia! Mwanamke aliyenirudisha dukani nikiwa na miaka sita, nirudishe peremende moja niliyopewa kwa makosa!

"Unajua jela ya wanawake?" akaniuliza.

"Shangazi."

"Mimi naijua. Nilikuwa napeleka hati kule. Kaka yangu aliniachia kitu kimoja tu duniani, na kitu chenyewe ndicho wewe." Akaikunja miwani. "Yule ni mwanamume, ana elimu, ana mama yake. Atatafuta kazi nyingine."

"Atauza vocha!"

"Auze."

Mlango ukafunguliwa. Nikafungua kinywa, na Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zake zote.

"Tuko tayari, Mama," wakili akasema. "Usimame, uinue mkono wa kulia. Unaifahamu kazi hii kuliko mimi."

Shangazi akasimama. Wakili akamsomea: kwamba yeye ndiye mwenye laini, kwamba hakuitumia saa hiyo, kwamba kwa kadiri ya ufahamu na imani yake, aliyekuwa akiitumia kupakua mafaili ni mpangaji wake, kama mpangaji huyo alivyomkiria kwa kinywa chake.

Mkono ulikuwa juu, lakini ulikuwa unatetemeka kuanzia kiwikoni. Miaka thelathini na mmoja aliwaapisha watu, na nina hakika hajawahi kuona mkono uliotetemeka vile akauamini.

"Naapa," akasema.

Akatia sahihi. Wakili akagonga muhuri. Shangazi akaketi, akajaribu kuiziba kalamu kofia yake, ikamshinda, akaiacha wazi mezani.

"Vizuri sana," wakili akasema. "Sasa na yako, binti."

"Yangu?"

"Kila mkazi wa nyumba anaapa ya kwake, ndivyo wenzetu walivyotaka. Ni fupi tu." Akanisogezea karatasi. Ilikuwa na mistari sita. Kwamba mimi siye Malkia wa Uzi na simjui. Kwamba Jumanne ile nilikuwa chumbani kwangu nashona. Kwamba nilimwona mpangaji kwa macho yangu, na ninathibitisha maneno ya shangazi yangu.

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anatazama ukuta. Nikisema kweli sasa, si mimi tu nitakayeingia. Yeye ameshaapa uongo, na muhuri haujakauka.

"Binti, simama," wakili akasema. "Mkono wa kulia."

Nikasimama. Nikainua mkono.

Nje ya kioo, mpangaji akainua kichwa kutoka kwenye vyeti vyake. Akaniona nimesimama, mkono juu. Uso wake wote ukafunguka, naye akainua wa kwake, akanipungia.